Viti Mia na Ishirini vya Bi Tumu

Ndege ile ilishuka Malindi kwa sababu ya mvua ya Mombasa. Mwaka wenyewe sina hakika nao, themanini na nne au na tano, lakini mvua naikumbuka. Ndege ilikuwa imejaa watalii kutoka Ulaya. Ilizunguka juu ya Mombasa, wingu likakataa kuondoka, mafuta yakaanza kwisha, rubani akaja kwetu. Uwanja wetu siku hizo ulizoea ndege za watu kumi na tano, ishirini hivi, zenye mapanga mbele kama feni. Ile ilikuja na kishindo, ikapiga breki njia nzima, ikasimama pua yake ikinusa majani ya mwisho wa uwanja. Watalii wakapiga makofi ndani. Sisi wapagazi tukapiga makofi nje.

Kushuka, ilishuka. Kazi ilikuwa kuondoka. Njia fupi, ndege nzito. Wakaletwa mafundi wawili Wazungu, wakapima njia kwa miguu na kutikisa vichwa, halafu wakasema dawa ni moja: ndege iondoke tupu. Abiria walikwisha kupelekwa Mombasa kwa mabasi, mizigo ikafuata kwa lori. Ikabaki viti. Na viti navyo ving'olewe.

Aliyepewa kazi ya kuvitafutia mahali pakavu ni Musyoka, karani wa kampuni iliyopokea watalii wale. Mtu wa Machakos, sauti kubwa, mwendo wa haraka, moyo safi. Alikuwa na mwaka mmoja pwani, na Kiswahili chake alikuwa amekuja nacho kutoka bara.

"Dena," akaniambia, "wewe unajua hii mji. Nani ako na nyumba kubwa haina kitu ndani?"

"Viti vyenyewe vingapi?" nikamuuliza.

"Hiyo inategemea mwenye ndege. Hii ni ndege ya mwili mwembamba, unaona? Njia ni moja tu katikati. Watu watatu huku, watu watatu kule. Mwenye huruma anaweka viti mia moja na kumi, mzee ananyoosha mguu. Mwenye tamaa anabana mpaka mia na thelathini, goti inagusa kidevu. Hii yetu iko katikati. Mia moja na ishirini."

Nikamfikiria Bi Tumu.

Bi Tumu alikuwa mwenye nyumba wangu, mtaa wa Barani. Nilipanga chumba chake cha uani. Alikuwa fundi wa ngoma ya pepo, na nyuma ya nyumba alikuwa na kilinge chake, banda refu jembamba la makuti ambalo marehemu baba yake alilijenga kukaushia mbata za nazi. Zamani, siku ya ngoma, watu walijaa mle hadi wengine wakachungulia kwa nje. Nilipokuja mimi, zile siku zilikuwa zimepita. Na hapa lazima nieleze neno moja, maana ndilo lililoleta yote. Katika kazi ya Bi Tumu, mtu ambaye pepo humpanda kichwani na kusema kwa kinywa chake huitwa kiti. Pepo ndiye anayekaa, mtu ndiye kiti, na pepo akimwingia husemwa kiti kimepanda. Fundi husifiwa kwa wingi wa viti vyake. Bi Tumu wakati ule alibakiwa na viti viwili: Chiku wa pale pale Barani, na Nyevu aliyekuwa akija kutoka Muyeye akipata nafasi. Wote wawili wanawake wa miili. Mpigaji ngoma alikuwa Jefwa wa Marafa, ambaye siku hizo alipiga zaidi kwenye mahoteli.

Ndipo mdogo wake Bi Tumu, Abdulghani, alipokitamani kilinge. Alikuwa na duka la vitambaa mjini, kanzu yake imenyooka kama karatasi, na alitaka kubomoa banda ajenge vyumba vya kupangisha wageni. Kiwanja kile kwa urithi kilikuwa upande wake. Jumatatu ya wiki ile alikuja kumwambia dada yake mbele ya watu, pale barazani kwa muuza kahawa, ili asiweze kulia.

"Dada, banda lile limekuwa la popo."

"Popo hawanisumbui, Ghani. Wanaingia na kutoka bila kelele, si kama watu wengine."

"Viti vyako viko wapi? Viwili! Kimoja kinakuja kikipata nauli."

"Vitarudi."

"Haya." Akawageukia wanywaji kahawa. "Nyinyi mashahidi. Nampa dada yangu mpaka Alhamisi. Ukikijaza kilinge kile viti, mimi sikigusi hadi naingia kaburini. Kisipojaa, Ijumaa baada ya sala naleta mafundi na nyundo."

Bi Tumu akasema sawa. Angesema nini? Alirudi nyumbani, akaketi juu ya mbuzi ya nazi, akakuna nazi tatu ambazo hakuna aliyemwomba. Kilinge kile ndicho kilichomfanya aitwe Bi Tumu, watu wampishe njiani. Bila kilinge angekuwa mjane wa kawaida mwenye mpangaji mmoja, na mpangaji mwenyewe ni mimi.

Jumatano asubuhi nikampeleka Musyoka. Bi Tumu alikuwa tena juu ya mbuzi.

"Hodi hapa!"

"Karibu, baba, pita. Dena, mpe mgeni kigoda."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Waonaje?"

"Niko sawa. Mama, sina maneno mingi. Nimesikia uko na nyumba kubwa haina kitu. Mimi niko na viti. Zinataka pahali ya kukaa siku mbili tatu, mvua isizinyeshee."

Kifuu kikamponyoka mkononi, kikabiringika hadi mlangoni.

"Viti?"

"Viti, mama. Mia moja na ishirini."

"Vyatoka wapi?"

"Ulaya. Zimekuja na hii ndege iko hapa uwanjani."

"Viti vya Kizungu!" Bi Tumu akajiweka sawa ushungi. "Nimepata kusikia kwamba huko nako viko. Lakini mia na ishirini kwa mara moja?"

"Ndiyo ndege inabeba, mama. Wengine wanabana mpaka mia na thelathini."

"Wasivibane, ni vibaya. Na vinapanda?"

"Kupanda?" Musyoka akacheka. "Mama, hizi zimepanda futi elfu thelathini. Juu ya mawingu kabisa."

Bi Tumu alinitazama kama mtu anayetaka shahidi.

"Na fundi wao ni nani?"

"Fundi ni wawili, Wazungu. Wako uwanjani sasa hivi, wanazifungua."

"Wanavifungua! Mafundi wawili, viti mia na ishirini. Hao wana mkono. Vimevaa nini?"

"Kitambaa ya buluu. Na hapa kichwani, kitambaa nyeupe."

"Buluu na nyeupe," akasema taratibu. "Wa angani hao. Vinakula nini?"

Hapo nikaona jambo linaharibika. "Bi Tumu, hivi viti anavyovisema—"

"Wewe Dena nyamaza. Mpagazi ameanza lini kujua mambo ya viti?"

Musyoka naye alidhani huo ni mzaha wa watu wa pwani, akaona auchangamkie. "Hazili, mama. Lakini zinamwagiwa. Leo kahawa, kesho supu. Soda, mvinyo. Kila safari lazima zimwagiwe."

"Ehe! Sadaka. Na vikizidiwa?"

"Vikizidiwa?"

"Vikichoka. Vikitaka kulala."

"Aa, hiyo ni rahisi! Pembeni kuna kifungo. Unabonyeza, inalala chali. Unabonyeza tena, inaamka."

"Papo hapo?"

"Papo hapo."

Bi Tumu akashusha pumzi. Nyevu akipandwa, kumwamsha ilikuwa kazi ya jioni nzima, na maji ndoo mbili.

"Lakini mama, lazima nikuambie ukweli, ziko tatu tatu. Zimeshikana. Huwezi kutenganisha."

"Ndugu?"

"Kama ndugu tu."

"Mwanangu, vilete. Hata malipo nisitajiwe. Leo vilale huko huko, nipate kufagia, kesho asubuhi vilete vyote. Kisibaki hata kimoja."

Musyoka alitoka pale akiniambia hajaona mama mwenye roho nzuri kama huyu. Nikamwambia yule mama anangojea watu. Akasema, "Watu gani? Watu walienda Mombasa na basi," akapanda baiskeli yake akaenda.

Jioni nikajaribu tena kwa Bi Tumu. Nikamwambia, "Bi Tumu, ile ni fanicha."

"Fanicha mwenyewe."

"Ni viti vya kukalia!"

"Na kiti cha pepo kinafanya nini kama si kukaliwa?"

Nikaachana naye. Nyumba ilikuwa imejaa shangwe, na mtu mmoja hawezi kubishana na shangwe. Chiku alikuwa anafua kanga. Nyevu alikuja kutoka Muyeye na wanawake wengine sita waliotaka kuona. Ubishi mkubwa ulikuwa ni chano, ile sinia ya mbao ya kuwaandalia pepo. Pepo wa kwetu wanajulikana: halua, mayai, marashi, muwa. Wa Kizungu je?

"Mkate wa boflo na siagi," alisema Chiku, aliyewahi kufua nguo hotelini.

"Na chai ya maziwa kando," akasema Nyevu. "Maziwa yasichanganywe. Wakichanganyiwa wanakasirika."

"Na uma."

"Uma wa nini?"

"Watakula kwa mkono? Mia na ishirini wote watanawa wapi?"

Alhamisi asubuhi Barani yote ilikuwa uani kwa Bi Tumu. Ubani unafuka, Jefwa amefika na ngoma zake tatu, chano kimepambwa kwa maua na boflo. Bi Tumu amevaa kanga ya buluu mpya na kitambaa cheupe kichwani, kwa heshima ya wageni. Lori likapinda kichochoroni. Vigelegele vikapigwa hadi dereva akadhani amekosea akataka kurudi nyuma.

Turubai likafunuliwa. Musyoka na wapagazi wenzangu wakashusha viti vitatu vya kwanza, vimeshikana kwa chuma, sponji na kitambaa cha buluu, wakaviweka chini mbele ya Bi Tumu. Vigelegele vikafa kimoja kimoja.

"Na wenyewe?" aliuliza Bi Tumu.

"Wenyewe gani, mama?"

"Viti."

"Si ndizo hizi."

Bi Tumu alivitazama. Alizunguka nyuma, akachungulia kama kuna mtu amejificha. Kisha akaketi kwenye kile cha kando, polepole, mikono juu ya magoti. Mwanamke mmoja wa Muyeye akaanza kucheka kwa pua, wengine wakampokea, mara ua mzima ukawa unacheka. Bi Tumu hakucheka. Alitazama banda la baba yake, makuti, boriti, mlango, kama mtu anayeaga.

"Dena," akasema chinichini, "mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukuniambia kwa nguvu."

Musyoka, ambaye hakuelewa hata chembe, alikuwa amekwisha kuingia kilingeni na kutoka akipiga makofi. "Mama! Hii nyumba ni ndege! Ndefu, nyembamba, mlango mbele, mlango nyuma. Tatu huku, tatu huku, njia katikati. Nitazipanga kama vile zilikuwa!"

Akavipanga. Hakuna aliyemzuia, maana hakuna aliyekuwa na nguvu. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, akipima nafasi ya miguu kwa shubiri zake. Alipofika mwisho wa banda, safu nne zilikuwa bado ziko nje.

"Hazitoshi," akasema. "Hizi tutaweka turubai tu."

Hapo Bi Tumu akainuka. Nilimwona uso unageuka. Kulikuwa na kitu amekikumbuka.

"Hakuna cha turubai," akasema. "Mwanangu, si ulisema wapo wanaobana?"

"Wapo, mama. Wenye tamaa."

"Basi leo mimi ni mwenye tamaa. Punguza magoti."

Tukasukuma. Safu zikakaribiana, kila moja ikitoa shubiri, hadi ile ya mwisho ikaingia kwa kupigwa bega, na mlango wa nyuma ukafungwa na mgongo wa kiti. Ukisimama mlango wa mbele ulikuwa unaona njia moja nyembamba na buluu tupu mpaka mwisho. Musyoka akasema ndege yake inaondoka alasiri hiyo na lazima awepo uwanjani, akaaga.

Abdulghani alikuja saa ya alasiri pamoja na wale mashahidi wa kahawa. Habari zilikuwa zimemfikia, akaingia akicheka kabla hajavua viatu.

"Dada! Ndivyo hivi viti vyako?"

"Ndivyo. Kimejaa au hakijajaa?"

"Dada, tusifanyiane mchezo."

"Ulisema nini pale barazani? Mashahidi, alisema nini?"

Muuza kahawa, mtu wa haki, akakohoa. "Alisema, ukikijaza kilinge viti."

"Nilisema viti," Abdulghani akapandisha sauti, "sikusema viti!"

Watu walicheka hadi akajisikia mwenyewe. Akaushika ukingo wa kanzu. "Nyote mnanielewa. Kiti bila mtu ni mbao. Kilinge kujaa ni kujaa watu."

Laiti angenyamaza. Maana nje kulikuwa na Barani nzima, na nusu ya Muyeye, ambao tangu asubuhi walikuwa wanavitamani viti vile na kuona haya kuvikalia. Bi Tumu akafungua mikono tu. "Mmesikia. Karibuni, kaeni." Waliingia kama maji. Wazee, wanawake na watoto migongoni, wauza mchicha na vikapu vyao, mtu na shemeji yake waliokuwa hawasemezani wakajikuta bega kwa bega. Walioingia waligombea dirishani, ingawa dirisha halikuwepo. Mmoja akauliza chakula kinakuja saa ngapi. Mwingine akapata kile kifungo, akalala chali kwenye mapaja ya bibi wa nyuma, wakaanza kutukanana.

Muuza kahawa alipita kwenye njia ya katikati akihesabu kwa kidole. Akarudi akikuna kichwa.

"Pamebaki mahali pamoja."

Palikuwa safu ya tatu, kiti cha katikati. Kushoto kwake ameketi Chiku, kulia Nyevu, na miili yao ilikuwa imekutana pale juu. Kila aliyejaribu alitazama akaenda mbele.

"Hakijajaa!" Abdulghani akapiga kofi. "Kimoja hakina mtu! Kesho nyundo!"

"Kaa wewe," akasema Bi Tumu.

"Mimi?"

"Si umesema ni mbao tu? Au unaogopa?"

Watu wote mia na kumi na tisa wakageuza shingo. Mtu mwenye duka mjini, kanzu imenyooka, atasemaje kwamba anaogopa kiti? Hata hakufikiri kwamba akikaa atakuwa ameshindwa. Alifikiri juu ya neno "unaogopa" peke yake. Akaingia, akajipenyeza, akashuka kati ya wale wanawake wawili kama kipande cha samaki ndani ya mkate. Chiku, ambaye alikwisha kujifunza, akamvutia mkanda tumboni, ukalia *ka*.

"Ya nini hii?"

"Ni adabu ya viti hivi, kaka. Sote tumefunga."

Bi Tumu akamtazama Jefwa. Jefwa akapiga.

Na mimi nimekaa miji mingi, lakini ngoma ya Jefwa ndani ya banda lile, watu wamebanwa safu kwa safu hawawezi kusimama wala kucheza, sijaisikia tena popote. Wakawa wanacheza kwa mabega. Safu ikienda kushoto, sita wote wanakwenda. Chuma kikawa kinalia chini yetu. Nyevu akaanza kutikisa kichwa, akapumua kwa nguvu, na alipotikisika Nyevu, Abdulghani naye alitikisika, hakuwa na hiari.

Hapo ndipo ndege ilipoondoka.

Tulikuwa tumeisahau. Ilikuwa tupu, nyepesi, na rubani alikuwa ameifungulia kila alichokuwa nacho, ikapita juu ya Barani chini chini, sauti yake ikiingia kwanza tumboni, halafu masikioni. Makuti yalinyanyuka. Vumbi la miaka ya mbata likatumwagikia. Popo wote wakatoka. Watoto wakapiga ukelele, Nyevu akapandwa, akautupa mkono ukaangukia kile kifungo cha pembeni, na Abdulghani akaenda chali, miguu juu, kanzu usoni.

"Napaa!" akapiga kelele. "Jamani, napaa!"

"Kimepanda!" akasema Chiku. "Bi Tumu, kiti kimepanda!"

Bi Tumu alikuja kwenye njia ya katikati na chetezo cha ubani, mwendo wake ule wa zamani, watu wakimpisha magoti. Ngoma ikashuka ikawa ya chini, ya kuulizia. Na hii ndiyo desturi: pepo akipanda, fundi humuuliza kwa upole yeye nani na ataka nini, akishasema na kupewa ahadi yake, hushuka.

"Karibu, bwana mkubwa. U nani?"

"Mimi Ghani! Nifungue, Dada!"

"Ajiita Ghani," Bi Tumu akawaambia watu. "Amechukua jina la mwenye kiti. Ni mjanja. Wataka nini, bwana?"

"Nataka kushuka!"

"Ataka kushuka!" kilinge kikaitikia, na vigelegele.

Abdulghani alikuwa akivuta mkanda kwa mikono miwili. Ule mkanda haufunguki kwa kuvutwa. Kadiri ulivyovutwa ndivyo ulivyobana. Chiku alijaribu kumsaidia, naye alijua kufunga tu. Nilijaribu mimi pia, nikavunja ukucha.

"Atakayeshuka huacha neno," akasema Bi Tumu. "Sema neno lako, bwana, ushuke salama."

"Neno gani? Chukueni mnachotaka!"

"Sisi hatutaki kitu. Tuna kilinge chetu tu."

"Kaeni nacho! Kilinge chako, Dada, chako na watoto wa watoto, sikigusi, mashahidi, sikigusi! Sasa nifungueni, tumbo linakatika!"

Vigelegele vya hapo walivisikia hadi sokoni. Abdulghani alibaki chali hadi Musyoka aliporudi kutoka uwanjani, furaha tele kwamba ndege imepaa. Aliona watu wamejaa kwenye viti vya kampuni, akashika kichwa, kisha akamwona aliyelala. Akainama, akainua kile kipande cha bati juu ya mkanda kwa kidole kimoja. Mkanda ukafunguka.

"Unainua tu hivi," akasema.

Kesho yake, Ijumaa, baada ya sala, mafundi hawakuja. Alikuja Abdulghani peke yake barazani kwa muuza kahawa, mkono tumboni, na watu walikuwa wanamngoja. Bi Tumu naye alikuwa amepita kununua mkaa, akasimama.

"Maneno ya mtu aliyefungwa si maneno," Abdulghani akaanza.

"Kwani aliyesema ni wewe?" Bi Tumu akauliza kwa upole. "Sisi tulidhani ni pepo."

"Pepo gani! Mimi na pepo wapi na wapi?"

"Ah. Basi ulikuwa wewe mwenyewe. Unapiga kelele hivyo kwa kuogopa kiti."

Muuza kahawa akaacha kumimina. Ukimtazama Abdulghani uliona anapima: upande huu, yeye ni kiti cha dada yake, na kesho ataitwa kilingeni avae buluu. Upande ule, yeye ni mwanamume wa duka aliyelilia sponji. Alikunywa kahawa yote, ikiwa moto, bila kupuliza. Akaweka kikombe chini.

"Nyinyi hamuelewi kitu," akasema. "Kilinge nilikuwa nimeshampa moyoni tangu Jumatatu. Dada yangu ni mkubwa wangu, amenilea. Nilitaka tu kuona watu wakifurahi."

"Mashallah," akasema muuza kahawa.

"Mashallah," tukasema wote, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Lori lilikuja siku ile ile likachukua viti vyote kwenda Mombasa. Jioni mwanamke mmoja wa Muyeye akamuuliza Bi Tumu kama ni kweli nduguye alimpa kilinge kwa mapenzi tu. Akasema ni kweli tupu, Ghani ana mkono wazi tangu mdogo. Kisha aliingia kilingeni, akafunga mlango, na nikamsikia mle ndani akicheka, akicheka, mpaka akakaa chini sakafuni, maana pa kukalia palikuwa pamekwisha kuondoka.